Kwa hiyo kompyuta ni moja tu?

Wakuu naona inbox imejaa emoji za kucheka, najua mshkaji wangu niliyekuwa navuta naye kebo ameshawapa toleo lake la yaliyonikuta siku ya uzinduzi wa labu. Toleo lake lina chumvi gunia zima, hebu nisikilizeni na mimi kabla halijafika ukweni.

Ni ile labu ya shule ya kata huku Morogoro, ya kompyuta za mtumba. Mashine ina RAM ya MB 512 utaiwekea Windows gani jamani, nikafunga LTSP (Linux Terminal Server Project, Linux ya kuendesha mashine nyingi kutoka seva moja). Ni mfumo upo tangu 1999, sio uchawi wangu. Unakuwa na seva moja yenye nguvu, nikaificha stoo ya chaki na UPS yake, halafu hizi nyingine 20 hazihitaji hata hadi diski ya kuhifadhia mafaili (na zilikuja hazina, mtumba za maofisini wengi huwa wanazitoa kabisa kulinda data zao). Ukiiwasha inaamka haijui hata inaitwa nani, inauliza kwenye netiweki, seva inaipa IP (anwani yake kwenye netiweki) na faili la kubutia, yaani la kuamkia, basi. Kila unachobonyeza kinafanyika stoo, mezani unaletewa picha tu. Jioni ya kuamkia sherehe zote 20 zilikuwa zinapiga kazi, nikalala usingizi wa mtu aliyeshalipwa, na salio lenyewe bado.

Sasa siku yenyewe. Turubai, kwaya, MC, utepe umekatwa, matroni anapitapita kunyoosha vitambaa vya meza. Mgeni rasmi akakaa mashine ya kwanza, kamera ziko tayari, akaanza kuandika jina lake kwa kidole kimoja. Herufi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu... kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama vile shida ni kidole.

"Kijana, hii imekwama."

"Samahani mheshimiwa, hamia hiyo ya pembeni."

Akahamia. "Na hii." Mwanafunzi nyuma: "Hata yangu." "Na yangu." Ikazunguka darasa zima kama wanaitwa rejista. Na umeme upo, feni ile pale juu inazunguka inanitazama.

"Mbona zote zimeugua kwa pamoja?"

Hapa ndio mdomo wangu uliponiponza. Ningesema netiweki inasumbua yangeisha. Mimi nikataka kuelimisha umma.

"Mheshimiwa, kiukweli hizi sio kompyuta. Kompyuta ni moja, iko stoo."

Nyie. Ule ukimya sijawahi kuusikia hata msibani.

"Kwa hiyo kompyuta ni moja tu?"

"Ndiyo mheshimiwa, ila..."

"Na wazazi wamechangia ishirini."

Mwenyekiti wa bodi akavua miwani, akaifuta taratiiiibu, akaivaa tena kuniangalia vizuri. Mwalimu wa fizikia sijui bisibisi aliitoa wapi, mimi kazi nzima nilikuwa naazima bisibisi pale shuleni naambiwa hakuna, leo anayo mfukoni! Akafungua kava, akachungulia, akatangaza: "Haina hadi diski." Fungua nyingine. "Nayo haina." Ya tatu hakutangaza, alitikisa kichwa tu, na MC maiki ikiwa hewani akasema tunaomba utulivu wageni waalikwa, kuna suala la vifaa kukosekana. Kwaya walishaelekezwa kukitokea pengo waimbe, wakaimba. Wimbo wa shukrani. Mgambo alikuwa dirishani, nikashangaa yuko mlangoni. Namtafuta mshkaji anisaidie kueleza, jamaa ameshavua fulana ya kazi ameigeuza ndani nje, amekaa na wazazi anasikitika nao. (Hiyo kwenye toleo lake hamkuambiwa eh?)

Basi nikajitupa chini ya meza na suruali ya kitambaa, taa zote za swichi (kile kiboksi kinachounganisha kebo za netiweki) zinameta kwa mpigo bila kupumua, nikajua ni luupu, waya mmoja ncha zote mbili ziko kwenye swichi ileile, data inazunguka humo humo mpaka netiweki inaziba, na swichi ya bei chee haina akili ya kulizuia hilo. Nikachomoa, baada ya muda mfupi mausi zikatembea, herufi tatu za mheshimiwa bado ziko palepale. Kumbe matroni aliona waya unaning'inia akaona utatuaibisha mbele ya wageni, akauchomeka kwenye tundu lililo wazi. "Nilijua umesahau baba." Shikamoo mama, nitasema nini. Wageni hawakuona lolote, walishahamia kwenye pilau.

Salio langu sasa halitoki mpaka nipeleke maelezo ya maandishi, hadi diski 20 ziko wapi. Mwenye mfano wa barua ya kueleza kilipo kitu ambacho hakijawahi kuwepo anitupie DM, na kiwe Kiswahili kilichonyooka maana mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ya kwanza kanirudishia ina wino mwekundu.