Ile klipu ya khanga, naomba niieleze mwenyewe

Basi jamani, naona mpaka shangazi yangu wa Nachingwea ameshatumiwa. Klipu inazunguka tangu Jumapili jioni, imewekewa na singeli, na aliyeisambaza namjua. Ni rafiki yangu, Mmwera wa Lindi, mtu niliyemlipia bajaji kutoka stendi aje kuangalia hiyo fainali. Watani hawana dogo. Lakini ameandika uongo mara tatu. Kwanza, sikuvua suruali. Pili, sikuwa nimeonja uraka, ile pombe ya mabibo. Tatu, khanga si yangu, ni ya mama mkubwa. Mengine yote ni kweli, ndiyo maana nayasema mwenyewe kabla hajatoa sehemu ya pili.

Ligi yetu ya mbuzi mnaijua, bingwa anaondoka na mbuzi. Uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara tunausikia tu, sisi tunacheza kwenye mchanga, goli moja limeegemea mikorosho na msimu huu mabibo yanadondoka mpaka ndani ya kumi na nane. Mwaka huu mtaa wetu umeingia fainali. Na mimi, badala ya kukaa kimya kama wajumbe wengine, nikasimama kwenye kikao cha kamati.

Nikawaambia: ndugu zangu, Urusi 2018 kule Kombe la Dunia, waamuzi wa VAR, wale wanaoamua kwa kuangalia marudio ya video, walikuwa wanatumia kamera 33, wao wamekaa chumbani Moscow, hata mechi ikichezwa mji mwingine kabisa. Sisi tutakuwa na nne. Mzee mmoja akauliza, "Nne zitatosha, mwanangu?" Nikamjibu, "Mzee wangu, magoli yenyewe si mawili tu?" Kikao kikapiga makofi. Hapo ndipo nilipotakiwa kukaa chini.

Sikukaa. Nikawapa na historia. Kwamba Desemba 1963, Marekani, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, ya timu ya Jeshi la Nchi Kavu na ya Jeshi la Majini, bwana mmoja wa televisheni ya CBS aitwaye Tony Verna ndiye aliyerudisha tukio hewani palepale, mechi ikiendelea. Watu hawajawahi kuona kitu hicho. Ikabidi mtangazaji, Lindsey Nelson, awaeleze watazamaji kwamba hayo ni marudio, Jeshi la Nchi Kavu halijafunga tena. Nikacheka kwenye kikao, nikasema, "Hebu fikirieni, mtu mzima anaona marudio anadhani ni goli jingine!" Kamati nzima ikacheka. Katibu aliandika kwenye muhtasari. Upo.

Haya, mitambo. Kamera ya kwanza tuliiweka juu ya simtanki. Ya pili kwenye mwanzi, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, usawa wa katikati ya uwanja. Ya tatu kwenye mkorosho, nyuma ya goli. Ya nne aliishika mtoto wa jirani, kazi yake kutembea na mstari. Zote ni simu. Moja ya mke wangu, na sasa hivi anajua.

Picha zinakuja kwa waifai ya rauta ndogo mpaka kwenye laptop. Kioo kinagawanyika vyumba vinne, kila kamera na chumba chake, wewe unachagua ipi iende kwenye runinga ya kinyozi tuliyoiweka chini ya turubai, mbele ya mgeni rasmi. Mpwa wangu alikuwa pembeni yangu na kitufe cha marudio. Akibonyeza, sekunde ishirini za mwisho zinarudi, tena kwa mwendo wa kinyonga. Huyo kijana ana kipaji. Kumbukeni hilo, litanirudia.

Wenye kazi yao hufunga kamera zote kwenye saa moja, picha zote zikatembea sawasawa. Zetu kila simu ilifika kwa wakati wake, kama wajumbe wa kikao. Jumamosi tulijaribu, uwanja mtupu, zikapishana sekunde moja, moja na nusu. Nikaona si kitu. Nilichosahau ni kwamba Jumapili kutakuwa na watu. Watu wana simu, simu zote zinagombea hewa ileile, na mwili wa mtu wenyewe unakula mawimbi. Nyuma ya goli la mikorosho walisimama kama mia, kati ya rauta yangu na kamera namba tatu. Ukuta wa nyama.

Halafu jua. Saa kumi jioni jua la Mtwara likipiga kioo cha laptop huoni kitu, unaona sura yako tu. Nikaazima khanga ya mama mkubwa, nikajifunika kichwa pamoja na laptop, kama mtu anayejifukiza. Spika za masikioni zimo, maiki ya uwanja mkononi, maana utangazaji nao niliutaka. Kwa hiyo nawatangazia watu mechi ambayo siioni, nayaona masanduku manne tu gizani. Moscow yangu hiyo.

Tumefungwa moja mapema. Dakika ya themanini na kitu, namba tisa wetu anasawazisha. Naliona kwenye chumba cha simtanki, mpira unatoka kushoto kwenda kulia, kichwa, wavuni. Nikapiga kelele kwenye maiki kama mtu anayeungua. Mpwa akarudisha, mgeni rasmi akasimama, runinga ikashangiliwa kuliko goli lenyewe. Nikajiona nimeshafika.

Sasa hapa naomba twende polepole, kwa sababu na mpwa wangu alienda polepole.

Wakati tunashangilia, chumba namba tatu kilikuwa kimeganda. Sikukiona. Mpira ukaanzishwa upya. Dakika imepita na kitu, na chumba namba tatu kikazinduka, kikaendelea pale kilipoachia. Yaani kikaanza kunionyesha lile goli. Lakini kwa nyuma ya wavu! Jamani, goli likionwa kwa nyuma si lile uliloliona kwa ubavu. Kule mpira ulikwenda kulia, huku unakujia usoni. Kule aliruka mtu mdogo kwa mbali, huku limeruka jitu, limeficha jua. Nikasema moyoni, hili jingine.

Mpwa akasema, "Mjomba, hiyo..." Mimi nilisikia "mjomba" tu. Na huku kwetu mjomba ni serikali, haulizwi.

Nikatoka.

Kamera namba moja, ya simtanki: turubai linatulia, mara khanga inachomoka yenyewe, haina kichwa. Waya wa spika za masikioni unavutika, laptop inateleza, mpwa anaidaka kwa magoti. Kwenye maspika uwanja mzima unasikia, "La piliiii! Mbuzi wetuuu!" Watu wanatazamana. Mgeni rasmi anaangalia runinga, anaangalia uwanja, anaangalia runinga.

Kamera namba mbili: naonekana mgongo tu, nakata mstari, namkwepa mshika kibendera kwa chenga ambayo sijawahi kuipiga tangu shule ya msingi. Na khanga imetanuka na upepo wa bahari, maandishi yote yanasomeka vizuri: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Kamera namba nne, mtoto wa jirani, Mungu anamwona. Yeye alikimbia na mimi. Kwake ndiko mnamuona namba tisa wetu, mpira mguuni, beki wa mwisho yuko chini, kipa ameshatoka, goli li wazi kama mlango wa msikiti. Goli la pili la kweli. Na mnaniona mimi natokea nyuma yake, nimemkumbatia kiunoni, nimemwinua. Miguu yake inaendelea kukimbia hewani. Na sauti ipo, maana maiki ilikuwa mkononi mwangu, uwanja mzima ulimsikia anavyosema kwa upole kabisa: "Kaka, niache nifunge."

Mpira ukajiendea taratibu, kipa akauokota kama bibo.

Refa kapuliza. Nikamwambia, "Refa, goli." Akaniuliza, "Lipi?" Nikageuka kumwonyesha kwenye runinga, na kwenye runinga nikajiona nimemshika mtu kiuno, mwendo wa kinyonga. Mpwa alikuwa ameshabonyeza. Anasema ni mazoea ya mkono.

Kicheko cha kwanza kikapita. Nikasema basi, yameisha. Dakika moja na kitu baadaye kamera namba tatu ikafika na ya kwake, uso kwa uso, mdomo wazi, meno yote nje. Uwanja ukaanza upya.

Refa kadondosha mpira, penalti tumekosa, mbuzi kaenda mtaa wa pili. Namba tisa hajanisemesha. Bodaboda wa kijiweni wananiita VAR, mmoja jana alinikumbatia kwa nyuma nikiwa nanunua pweza. Mama mkubwa anaitaka khanga yake, na anaomba pia klipu ya namba mbili, anasema imeonekana vizuri. Wa Lindi, wewe, nauli yangu ya bajaji naidai.

Mpwa ndiye aliyepata. Jumamosi ana harusi Mikindani, kamera nne, wamemlipa nusu kabisa. Bwana harusi ametoa sharti moja tu: aje na mitambo yote, mjomba abaki nyumbani.