Anka za muda, shimo la mwaka wa nne

Jumamosi nilikuwa Upanga, nikapita kando ya shimo moja ninalolijua. Lilichimbwa kwa ajili ya ghorofa tatu za maegesho chini ya ardhi, kisha fedha zikakata. Krini ikaondoka, yakabaki mabati, maji ya kijani na mlinzi. Huu ni mwaka wa nne. Nikaomba kuchungulia. Ukuta wa zege la kupuliza bado umesimama, na ukutani kuna safu mbili za vichwa vya anka, yaani kebo za chuma zilizochimbiwa ardhini nyuma ya ukuta na kukazwa kwa jeki ili ziushike usianguke. Vichwa viko wazi kama vilivyoachwa siku jeki ilipotolewa. Karibu kila bamba lina mchirizi wa kutu ulioteremka hadi usawa wa maji. Kabari zinazobana kebo kichwani zimeshikana nayo, zimekuwa rangi moja. Kichwa kimoja tu kimefunikwa, kwa galoni la mafuta ya kula lililokatwa nusu na kufungwa kwa waya. Mlinzi ndiye aliyelifunga. Aliniambia aliona maji yanachuruzika pale, akahisi si vizuri.

Alihisi sawasawa, na hajasomea chochote kati ya tulivyosomea sisi.

Nimefanya kazi ya anka miaka kumi na moja. Nimechanganya grauti, ule uji wa saruji unaojazwa kwenye tundu la anka, nimeshika jeki, nimesaini karatasi za majaribio. Najua michoro ya kazi kama hii huandikwa nini: "anka za muda". Maneno hayo ndiyo yamenikosesha usingizi.

Kiwango cha Ulaya cha EN 1537, ambacho wengi wetu tunakinukuu kwenye zabuni, kinaiita anka ya muda ile ya kutumika isiyozidi miaka 2. Kwa sababu ya miaka hiyo miwili ndiyo inaruhusiwa kinga nyepesi: plastiki na grisi kwenye sehemu huru, ile isiyoshikana na ardhi, grauti kule mwisho inakoshikana nayo, basi. Anka ya kudumu ina masharti mengine kabisa. Kebo hukaa ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, grauti ndani na grauti nje, kichwa kinavalishwa kofia iliyojazwa grisi, na unaweza kupima kwa umeme wa volti 500 kama plastiki imetoboka kabla hujaondoka. Tofauti ya bei ni kubwa, sikatai. Mwenye mradi anayechagua ya muda kwa shimo la miezi kumi na minne hajafanya kosa. Kosa linaanza siku kazi inaposimama na hakuna anayeangalia kalenda.

Watu wamezoea kutu ya nondo, na mazoea hayo ndiyo yanayotudanganya. Nondo ikila kutu inavimba, zege linapasuka, plasta inadondoka, unaona, unaita fundi. Inakupa miaka ya kuhangaika. Kebo ya anka ni chuma cha aina nyingine. Ni nyuzi saba zilizosokotwa, kila uzi kama milimita 5, chuma kigumu chenye nguvu mara nne ya nondo ya kawaida, na kimevutwa usiku na mchana. Hakihitaji kuliwa chote. Chumvi ikitoboa kishimo kidogo kwenye uzi mmoja, ufa unaanzia hapo na kuingia ndani, na siku uzi unapokatika unakatika kwa mkupuo. Wales kulikuwa na daraja dogo, Ynys-y-Gwas, lililojengwa 1953 kwa nyaya za aina hiyo. Mwaka 1985 lilianguka bila kutoa dalili yoyote. Nyaya zilikuwa zimeliwa kwenye maungio, ndani, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki.

Na sisi tuko hatua chache kutoka baharini.

Tena hatuwezi kusema hatukujua kutu inaanzia wapi. Mwaka 1986 shirika la kimataifa la zege lililokazwa kwa nyaya, FIP, lilikusanya visa 35 vya anka zilizokatika kwa kutu. Kule chini kabisa, ndani ya grauti, vilikuwa viwili tu. Kwingine kote ilikuwa kichwani na kwenye sehemu huru, na zimo zilizokatika baada ya wiki chache tu. Ukiwa saiti unaelewa kwa nini. Grauti ikishatulia inashuka, inaacha uwazi nyuma ya bamba, na hapo kebo imevuliwa plastiki ili kabari zipate kuuma. Kipande hicho kifupi kinabaki uchi, kina hewa na kina maji. Kukijaza ni kazi ya nusu saa kwa kila kichwa. Nimeona kikirukwa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na mara moja mwanzoni nilikiruka mimi, kwa kuwa gari la zege lilikuwa limeshafika getini.

Nilipotoka, mama mmoja mtu mzima alikuwa anaanua kanga nyuma ya shimo. Nyumba yake imepakana na ukuta ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa hapa? Wanarudi lini?"

Nikamwambia mimi si wa mradi ule. Akanionyesha ufa kwenye baraza, akaniuliza zile nyaya zinaishia wapi. Nikashindwa kumdanganya. Zinaishia chini ya nyumba yake, mita kumi na kitu ndani. Hakuna aliyewahi kumweleza.

Baada ya lile jengo la Kariakoo kuporomoka Novemba 2024 tulizungumza sana kuhusu majengo. Sisemi chanzo kilikuwa anka. Nasema bado hatujayazungumzia mashimo yaliyosimama. Tarehe ya kukaza anka iandikwe kwenye ubao wa mradi, pale pale penye jina la mkandarasi, ili jirani ahesabu mwenyewe. Miaka miwili ikifika, jeki irudi, kila kichwa kipimwe mzigo uliobaki. Wakishindwa kupima, shimo lijazwe udongo. Mkandarasi ambaye hajalipwa ana haki ya kuondoka, hilo nakubali kwa shingo upande, lakini hana haki ya kuondoka bila kumwambia mtu yeyote kwamba ukuta una tarehe ya mwisho.

Jumapili nilirudi na barua ya kupeleka manispaa, nimeiandika kwa jina la mama, na picha za vichwa vyote ishirini na sita. Aliisoma pole pole na miwani yake, akatia sahihi. Kisha akaniomba nimsaidie kubeba kitanda, akihamishie chumba cha mbele.