Shikamoo niliyoipokea nikiwa kitini

Mama yule alinizidi miaka 20 na ushee, lakini yeye ndiye aliyeniamkia. "Shikamoo, bosi." Nikaitika marahaba macho yangu yakiwa kwenye fomu. Nilikuwa na miaka 29, afisa ustawi wa jamii katika hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini, na sikushtuka hata kidogo. Nyumbani kwetu ningekaripiwa mbele ya wageni kwa kupokea shikamoo ya mtu wa rika la mama yangu. Pale ofisini ilionekana sawa tu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekaa, na yeye amesimama mlangoni na bahasha ya kaki mkononi.

Alikuja kuomba msamaha. Ndivyo tunavyosema: mgonjwa asiyemudu gharama anaomba msamaha, kana kwamba kuvunjika mguu ni kosa alilolitenda. Mumewe alikuwa wodini, paja limevunjika kwenye ajali ya bodaboda. Barua ya mtendaji wa kijiji alikuwa nayo, imegongwa muhuri. Mimi nikamtazama: doti mpya ya kitenge, viatu vya ngozi vya kufunika, kilemba kimefungwa kikakaa. Nikamuuliza maswali matano au sita. Alijibu kwa utulivu, bila chozi. Nikaandika kwamba ana uwezo, alipe kidogo kidogo.

Akalipa. Nilipoiona risiti nikajisifu moyoni kwamba nimeiokolea hospitali fedha. Nesi wa wodi ile ndiye aliyekuja kunieleza, tena bila hasira, kwamba mama ameuza nusu eka ya viazi vikiwa bado ardhini, kwa bei aliyoitaka dalali. Kitenge na viatu ni vya wifi yake. Mtu wa kijijini haendi hospitali kubwa na matambara. Anaazima, asije akadharauliwa mapokezi. Heshima aliyojitafutia ndiyo niliyoigeuza ushahidi dhidi yake.

Imepita miaka kadhaa tangu siku ile, na sasa nasimamia wanafunzi wanaoletwa fildi. Kila kundi linapofika namkumbuka yule mama, maana nawaona wanafunzi wamefundishwa kama nilivyofundishwa mimi. Haki ya kijamii wanaijua. Wanaikariri kwa Kiingereza, neno kwa neno, kutoka kwenye fasili ya kimataifa ya taaluma yetu iliyopitishwa Melbourne mwaka 2014: haki ya kijamii, haki za binadamu, wajibu wa pamoja, kuheshimu tofauti za watu. Hata maarifa ya wenyeji yametajwa mle. Ila hakuna aliyewahi kuwauliza: wewe mwenyewe ni nani mbele ya huyu mgonjwa? Umezaliwa wapi, unasali wapi, kwenu mlikula milo mingapi, na ukivaa koti jeupe na kitambulisho shingoni unageuka kuwa nani?

Swali hilo kwangu ndilo mlango wa taaluma yote. Utambulisho tumeufundisha kama habari za watu wengine: Wamasai hivi, walemavu vile, wajane hivi. Afisa anabaki hana kabila, hana dini, hana tabaka, jicho tu linalotazama. Na jicho lisilojua lilikotoka linahukumu kwa kitenge.

Jambo hili si letu peke yetu, wala si jipya. London mwaka 1869 kilianzishwa chama cha kuratibu misaada, kikawa kinatuma watu majumbani kupeleleza nani ni maskini anayestahili na nani ni mvivu. Mbinu za kuhoji, kutembelea nyumba na kutunza faili la kila familia zimetokana kwa sehemu kubwa na kazi ile. Chicago, mwaka 1889, Jane Addams na mwenzake Ellen Starr walishika njia nyingine: walihamia mtaa wa wahamiaji, wakaishi humo, wakaanza kudai mabadiliko ya sheria pamoja na majirani zao. Sisi tuliozirithi njia hizo, hospitalini tumebaki zaidi na ile ya London. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze nchini mwaka 1993, mtu akishindwa kulipa analetwa kwetu, na sisi ndio tunaoamua kama umaskini wake unatosha.

Makundi ya msamaha yanajulikana: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wengineo. Mtoto wa miaka 3 ni wa miaka 3, hapo hakuna mjadala. Shida imekaa kwenye hayo maneno matatu, "wasio na uwezo", kwa sababu uwezo unasomwa na mtu. Mwenye Kiswahili chepesi, aliyezoea ofisi, anayejua kueleza shida yake kwa mpangilio, anapata. Anayejibu kwa mkato, au kwa lugha ya kwao, au asiyejibu kabisa, anaandikwa kwamba ana uwezo.

Mwaka jana binti mmoja wa fildi, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye moyo wa kazi kweli, alimhoji mama wa Kinyakyusa kutoka Rungwe. Alianza vizuri, akamwamkia, akavuta kiti karibu na kitanda. Akafika kwenye jina la mkuu wa kaya. Mama akanyamaza. Akauliza tena, mama akatazama dirishani. Mara ya tatu mama akavuta shuka mpaka kidevuni. Binti akaandika kwa Kiingereza kwamba mteja haoneshi ushirikiano na huenda anaficha taarifa za kipato.

Muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa anabadilisha dripu kitanda cha pili. "Mwanangu," akamwambia, "mkuu wa kaya ni baba mkwe wake. Hawezi kulitamka jina hilo. Kwetu mkwe hamtaji baba mkwe, wala hakutani naye njiani. Ngoja mwanaye aje, umuulize yeye."

Vijana wengi wa Rungwe na Kyela leo hawaishiki sana mila hiyo. Mama huyu aliishika, na kidogo imgharimu matibabu.

Wapo wenzangu wanaoniambia kwamba nikizungumzia kabila ofisini narudisha mambo tuliyoyazika. Nawaelewa. Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya mwaka 1967, na kulelewa katika nchi ambayo hatuulizani kabila ni jambo ninalolishukuru kwa dhati. Lakini tuliacha kuulizana ili mtu asinyimwe kazi wala asipendelewe. Hatukukubaliana kwamba tuache kusikilizana. Mama yule hakuhitaji upendeleo wa Kinyakyusa. Alihitaji mtu atakayejua kwamba ukimya wake ni adabu.

Kwa hiyo nimebadilisha namna ya kusimamia. Ripoti ya kesi inaanza na nusu ukurasa kuhusu mwanafunzi mwenyewe: mimi ni nani kwa mtu huyu, nimemdhania nini kabla hajafungua mdomo, nimekitoa wapi. Wiki ya kwanza wanaona ni adhabu. Mjadala wa kesi tunaufanya kwa Kiswahili, kisha kwa chuo kinachotaka Kiingereza ripoti inatafsiriwa baadaye. Tofauti ni kubwa mno. Kwa Kiingereza kila mgonjwa ni mteja mwenye dalili. Kwa Kiswahili mwanafunzi analazimika kuchagua: ni bibi, ni mama, ni dada, ni mwenzangu? Akishachagua, anajua pia amwamkie vipi, na nani asimame.

Haya yatazidi kuwa na uzito. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini maneno ni yaleyale matatu, na mahali fulani atakuwepo mtu kitini akimtazama mama mlangoni.

Jambo moja bado linanikera. Kila mwezi ofisi yetu inapeleka ripoti ya idadi ya waliosamehewa na kiasi cha fedha kilichosamehewa. Nafasi ya waliokataliwa haimo. Mama wa viazi hayumo kwenye ripoti yoyote. Kwenye vitabu vya hospitali ni mlipaji mzuri. Tumeomba safu hiyo iongezwe, pamoja na nyingine ya sababu za kukataa na jina la aliyekataa. Hatujajibiwa. Kwa sasa tunazichora wenyewe kwa rula kwenye daftari la ofisi, na kwenye ukurasa wa kwanza jina langu limeandikwa mara nne.