Stockholm 1969: je, mabao ndiyo yaliyomng'oa Dubček?

Ijumaa usiku, Machi 28, 1969, watu wa Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, walimiminika barabarani wakiimba. Timu yao ya hoki ya barafu ilikuwa imetoka kuifunga timu ya Umoja wa Kisovieti 4-3 kule Stockholm, kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia. Makadirio yanataja watu nusu milioni hivi waliotoka nje nchini kote. Katika Uwanja wa Wenceslas, katikati ya mji, ofisi ya Aeroflot, shirika la ndege la Kisovieti, ilivunjwa vioo, na vilivyokuwa ndani vikatolewa nje na kutiwa moto. Siku tatu baadaye Waziri wa Ulinzi wa Moscow, Marshal Grechko, alitua nchini humo akiwa amekunja uso. Aprili 17, Alexander Dubček, yule kiongozi aliyekuwa amelegeza kamba za ukomunisti, aliondolewa ukatibu wa chama, na kiti chake kikakaliwa na Gustáv Husák.

Matukio hayo yakipangwa hivyo, moja nyuma ya jingine, hitimisho linajileta lenyewe: furaha ya usiku mmoja iliwagharimu Wacheki na Waslovakia miaka 20 ya utawala mkali. Wapo wanaolisema hivyo waziwazi. Wapo pia wanaojibu kwamba kuulaumu mchezo kwa yaliyofuata ni sawa na kumlaumu jogoo kwa kuwa kumekucha.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Usiku wa kuamkia Agosti 21, 1968, majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Moscow, yaliingia Chekoslovakia na vifaru. Januari 1969 mwanafunzi Jan Palach alijichoma moto kwenye uwanja ule ule wa Wenceslas, akafa. Mashindano yalikuwa yafanyike Prague, lakini nchi yenye majeshi ya wageni mlangoni haina hamu ya kukaribisha wageni wengine, hivyo yakahamishiwa Uswidi. Timu zilikuwa sita: Umoja wa Kisovieti, Uswidi, Chekoslovakia, Kanada, Ufini na Marekani, kila moja ikikutana na mwenzake mara mbili. Wasovieti walikuwa mabingwa mfululizo tangu 1963.

Mechi ya kwanza kati ya Chekoslovakia na Wasovieti ilichezwa Machi 21, miezi saba kamili tangu uvamizi. Jan Suchý na Josef Černý walifunga, kipa Vladimír Dzurilla hakuruhusu kitu, 2-0. Jaroslav Jiřík na wenzake kadhaa walikuwa wamebandika utepe mweusi kwenye jezi zao, wakaifunika nyota nyekundu iliyokaa juu ya kichwa cha simba wa taifa. Jukwaani mashabiki waliinua bango ambalo kwa Kicheki lina vina vitamu: nyinyi mlituletea vifaru, sisi tunawaletea mabao. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, Wachekoslovakia hawakuwapa wapinzani wao mkono. Wiki moja baadaye ikaja ile 4-3, na mji ukalipuka.

Hoja ya wanaolaumu haina upumbavu. Kwa miezi saba Dubček alikuwa akitembea juu ya kamba, akiwapa Moscow hiki ili abakishe kile. Alichokihitaji kuliko chochote ni utulivu. Ghasia za Machi 28 ziliwapa wapinzani wake ndani na nje ya chama jambo walilokuwa wakilitafuta: ushahidi kwamba ameshindwa kuitawala nchi. Magazeti yakawekewa udhibiti upya mapema Aprili, na kabla mwezi haujaisha Husák alikuwa kitini. Wanaoshika upande huu wanakumbusha pia kwamba nchi hii ilijua vizuri jinsi siasa inavyowala wachezaji. Mwaka 1950 timu ya taifa, ikiwa bingwa wa dunia wa 1949, ilikamatwa badala ya kupanda ndege kwenda London, kwa tuhuma za kutaka kutoroka nchi. Kipa Bohumil Modrý alihukumiwa miaka 15, na baadhi yao waliishia kwenye migodi ya urani. Wachezaji wa 1969 walikua wakizisikia habari hizo. Kwa nini basi kuchokoza?

Upande wa pili unaanzia kwenye mawe. Mbele ya ofisi ya Aeroflot, siku ile ile, palikuwa na rundo la mawe ya kujengea barabara, limewekwa pale tayari kwa mkono wa mwenye hasira. Watafiti wengi wa Kicheki wanaona mkono wa polisi wa siri katika jambo hilo, na binafsi naona vigumu kuamini kwamba ni bahati tu iliyoyapeleka mawe mlangoni pa Aeroflot, katika mji mzima wa Prague, siku ya mechi hiyo. Hata tukiliweka kando suala la nani aliyepanga, bado lipo swali kubwa zaidi: Moscow ilikuwa na haja gani ya hoki? Vifaru vilikuwa vimeshaingia. Dubček alikuwa ameshachukuliwa hadi Moscow Agosti na kulazimishwa kutia saini makubaliano waliyoyataka Wasovieti. Kama Chekoslovakia ingefungwa mechi zote mbili, sababu nyingine ingepatikana Mei, au Agosti kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja wa uvamizi, ambapo kweli watu waliandamana tena na safari hii wakapigwa na vyombo vya dola vya nchi yao wenyewe.

Kwa hiyo mimi nasema mabao hayakumng'oa Dubček. Yaliharakisha kalenda, pengine kwa wiki, pengine kwa miezi. Wanaolaumu wanasahau kumuuliza aliyeshika kalenda.

Suala la kutoshikana mikono ndilo linalonisumbua zaidi, na hapo siko upande mmoja moja kwa moja. Anatoly Firsov na wenzake wa timu ya Kisovieti hawakuwa wameamuru kifaru chochote. Walikuwa wachezaji, tena wazuri ajabu. Kocha wao Anatoly Tarasov alikuwa ameujenga mchezo wa pasi ambao Wacheki wenyewe waliuheshimu. Kumnyima mchezaji mkono kwa kosa la serikali yake ni kumfanya abebe mzigo usio wake. Lakini geuza upande. Wengi wa wachezaji wale walitoka CSKA, klabu ya jeshi, na kwenye karatasi walikuwa wanajeshi wa jeshi lile lile lililokuwa limepiga kambi Chekoslovakia. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mle uwanjani, kwa dakika 60 tu, watu wa nchi ndogo walipewa nafasi ya kutoubusu mkono huo, bila kumwaga damu ya mtu. Palikuwa wapi pengine pa kufanyia hivyo? Bungeni? Magazetini? Firsov hakustahili, nakubali. Ila kama ningekuwa Jiřík, sidhani ningeunyoosha wangu.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hulipita haraka: Chekoslovakia haikuchukua ubingwa. Ilishika nafasi ya tatu. Timu tatu za juu zilimaliza na pointi 16 kila moja (ushindi ulikuwa na pointi mbili, sare moja). Chekoslovakia iliwafunga Wasovieti mara mbili. Wasovieti wakaifunga Uswidi mara mbili, 4-2 na 3-2. Uswidi nayo ikaifunga Chekoslovakia mara mbili, 2-0 na 1-0. Ukizihesabu mechi za wao kwa wao tu, kila timu ina pointi nne na tofauti ya mabao sifuri. Duara kamili, kama mchezo wa watoto wa kukimbizana. Ikabidi yahesabiwe mabao ya mashindano yote, na hapo Wasovieti, waliokuwa wamewatandika Wamarekani 17-2, walikuwa na tofauti ya 36, Uswidi 26, Chekoslovakia 20. Dhahabu iliamuliwa na kipigo alichopewa mnyonge.

Na ile 1-0 ya Uswidi ilichezwa Machi 30, siku ya mwisho, siku mbili tu baada ya usiku ule wa Prague. Chekoslovakia sare ingeitosha. Sare ingewapa pointi 17 na ubingwa wa dunia moja kwa moja, bila hesabu za mabao. Mashabiki wao walikuwa wameshasherehekea na kumaliza. Vioo vya Aeroflot vilikuwa vimeshafagiliwa. Wachezaji walirudi nyumbani na shaba, wakamkuta Grechko naye anawasili.