Najua Klipu Mmeiona

Najua ile klipu imeshawafikia. Rafiki yangu, ambaye kuanzia leo ni mtu ninayemfahamu tu, kairusha kwenye magrupu matatu akidai nililia "mama!" Na mimi naomba nisikilizwe.

Hopa la pumba kwenye mashine ya anko, lile faneli kubwa la bati la kushushia pumba, likikwama, dawa yake ni moja: nyundo. Ubavu wote umebonyea kama sufuria la shughuli. Nikamwambia, "Anko, acha kulitwanga, huu ndio mradi wangu wa mwaka wa mwisho." Nikafungua kompyuta pale pale, akina mama wakasogea na ndoo zao. Kwenye kioo chake, punje elfu tano za kuigiza zinashuka hopani, duara, kavu, zina adabu kama gololi. Nikanogewa. Nikawaeleza kuwa tanki la maji likijaa, maji hutoka kwa kasi zaidi, ila mtiririko wa nafaka haujali urefu wa rundo lililo juu, na uzito mwingi wa rundo hilo hubebwa na kuta. Mjerumani Janssen alilionyesha hilo kwa vihenge vya majaribio mwaka 1895. Nikawashushia na kanuni ya Beverloo ya 1961: kipenyo cha tundu ukikiongeza mara mbili, mtiririko unapanda zaidi ya mara tano. Bibi mmoja akauliza, "Na zikiwa mbichi, mjukuu wangu?" Nikajifanya sijasikia. Unyevu nilikuwa nimeuacha makusudi, hesabu zisinisumbue. (Bibi, nisamehe.)

Nikaingiza kichwa chini ya mdomo wa hopa, tochi ya simu mkononi. Nyie, lile tao! Pumba zimeshikana mabega, zimejijengea kuba juu ya tundu pana kama sahani, hakidondoki kitu. Miezi sita nalichora, leo naliona kwa macho. Nikapiga kelele, "Njooni muone, limejibeba lenyewe!" Rafiki yangu akaja. Na simu, bila shaka.

Chembe moja ikatua kwenye kope. Nikapepesa. Ya pili ikaingia mdomoni, kwa kuwa nilikuwa bado nafafanua. Pakawa kimya, kimya kile cha mtoto aliyevunja kikombe chumba cha pili. Halafu nikamsikia anko huko nje, kwa upole wote wa duniani: "Ngoja nikusaidie."

Ko!

Hazikumiminika kama gololi zangu. Lilishuka donge zima, kama ugali unavyopinduliwa kwenye sinia. Jotojoto likanikaa utosini, likateremka shingoni, likaulizia kola, likaipata, likaendelea na safari hadi kwenye mkanda. Nilitaka kusema "masikini". Nikafika "ma", mdomo ukajaa. Hiyo ndiyo "mama" yenu.

Nikavutwa miguu, nikamwagiwa maji, kuku wakanisindikiza hadi nyumbani. Kompyuta nzima, asanteni kwa kutoniuliza.

Anko, akirudisha nyundo kwenye msumari wake: "Lakini si zimeshuka?"