Soma Skrini ya Bluu Kabla ya Kupiga Windows Upya

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu iliyopigwa Windows, yaani kufutwa na kuwekewa Windows upya, mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Bado ilikuwa inakwama, inatoa skrini ya bluu, inajizima na kujiwasha. Nikaiweka mezani, nikaingoja skrini hiyo. Ilipokuja nikaipiga picha kwa simu: iliandika MEMORY_MANAGEMENT, yaani kosa la kumbukumbu.

Nikafungua kifuniko cha chini, nikachomoa RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda ya kompyuta) zote mbili, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, nikarudisha moja moja na kuzipima kwa MemTest86, programu ya kupima RAM. Ya kwanza ikapita salama. Ya pili haikumaliza hata dakika kumi, skrini ikajaa mistari ya makosa. Ugonjwa ulikuwa pale tangu siku ya kwanza, na Windows mpya haiponyi RAM mbovu.

Hili linaniuma, mafundi wenzangu. Windows inajisimamisha yenyewe ili isiendelee kuharibu data, kisha inaandika sababu. Sisi tunaifuta sababu hiyo bila kuisoma.

Sisemi kila msimbo wa skrini hiyo unanyoosha kidole mahali pamoja. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi ni draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa cha kompyuta), lakini hata RAM mbovu huileta. Ndiyo maana mimi huingia C:\Windows\Minidump na kuyasoma mafaili yake, ambamo Windows huandika kila ajali, kwa programu ya BlueScreenView. Faili lile lile la .sys, yaani la draiva, likijirudia, naanza na draiva hiyo. Kila siku ikija na kosa jipya, nashuku RAM, joto au umeme.

Kumbukeni tarehe 19 Julai 2024. Sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta milioni 8.5 hivi, viwanja vya ndege vikasimama. Kwenye nyingi skrini ilitaja csagent.sys, draiva ya CrowdStrike, na dawa ilikuwa kuingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) na kufuta faili moja. Aliyekimbilia kufomati alipoteza data yake bure.

Nilipomkabidhi mwalimu laptopu yake, akauliza, "Fundi, na mitihani yangu ya miaka minne itarudi?"

Diski ni SSD, aina ambayo ikifomatiwa data yake ni nadra kurudi, na hii imefomatiwa mara mbili.

"Hapana, mwalimu," nikamwambia. "Pole sana."