Karatasi Inayopaswa Kuwahi Tingatinga

Tingatinga la Nairobi lina ratiba yake. Jumanne halionekani. Hupenda Ijumaa usiku au Jumamosi alfajiri, wakati korti zimefungwa na wakili wako yuko mashambani kwenye mazishi. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye ploti tuliyokuwa tumepanga huku Eastlands, jirani yangu muuza mboga alibandika nakala ya oda ya korti kwenye lango la mabati, akaifunika kwa nailoni isilowe. Muhuri ulionekana wazi. Aliyekuja na tingatinga aliisoma, tena kwa tochi ya simu, kisha akasema hiyo ni nakala tu, aletewe yenyewe. Kufikia saa mbili asubuhi hapakuwa na lango la kubandika chochote.

Kesi alikuja kuishinda. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao rafiki zangu mawakili huucheka: amri ya muda ina maana kwa mnyonge kuliko hukumu ya mwisho. Tatizo ni hilo neno “muda”. Mkenya akilisikia hufikiria kitu hafifu, kama daraja la muda ambalo kila mtu anajua litasombwa na mvua ya kwanza. Ilhali amri hii hutolewa kwa sababu jaji ameona kwamba akingoja kumaliza kesi, atakuwa anaamua juu ya kifusi, au juu ya maiti. Maji yakimwagika hayazoleki, na hiyo ndiyo sheria yote ya amri za muda.

Katiba yetu ya 2010 inaijua vizuri. Ibara ya 23 inairuhusu Mahakama Kuu kutoa amri ya kuhifadhi hali ilivyo. Kisichojulikana sana hapa mjini ni kwamba ipo nyingine kama hiyo iliyo juu ya mipaka yetu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, mwendo wa nusu siku kwa gari kupitia Namanga. Ibara ya 27 ya Itifaki iliyoiunda inasema kwamba palipo na uzito mkubwa na dharura, na inapobidi kuzuia madhara yasiyoweza kurekebishwa kwa watu, mahakama itachukua hatua za muda. Mara ya kwanza kuutumia uwezo huo ilikuwa Machi 2011, kuhusu Libya, wakati mabomu yalikuwa tayari yanaanguka. Unaweza kukisia karatasi ile ilisikilizwa na nani.

Sisi Wakenya tuna kesi yetu. Oktoba 2009 Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, walipewa notisi ya siku 30 wahame msitu. Novemba hiyo hiyo, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul ikaiandikia Kenya isiwaondoe kwanza. Ilipoona kimya, mwaka 2012 ikaipeleka kesi Arusha. (Walilazimika kupitia Tume kwa sababu Kenya haijatoa tamko linalomruhusu raia kwenda mahakama hiyo moja kwa moja. Mlango upo, ufunguo umebaki serikalini.) Kesi ikiwa bado mbichi, Wizara ya Ardhi ikaondoa zuio la kuuza na kununua vipande vya ardhi visivyozidi ekari tano ndani ya Mau. Fikiria ujanja huo: humfukuzi mtu, unaruhusu tu ardhi anayoidai iuzwe kipande kwa kipande, ili siku akishinda awadai watu elfu wenye hatimiliki.

Tarehe 15 Machi 2013 mahakama ya Arusha ikaamuru zuio lirudishwe mara moja, serikali isifanye lolote litakaloharibu kesi, na iripoti ndani ya siku 15. Wiki hiyo Nairobi nzima ilikuwa imekodoa macho kwenye ombi la kupinga matokeo ya urais. Sikumbuki mtu hata mmoja kwenye matatu akiizungumzia Arusha, nami nikiwemo.

Hukumu yenyewe ilikuja Mei 2017, na Waogiek wakashinda. Ile ya fidia ikaja Juni 2022: zaidi ya shilingi milioni 157 kwa jumla, na ardhi yao itambuliwe. Hesabu miaka tangu ile notisi ya siku 30. Hadi hukumu ya 2017, kilichokuwa kimesimama kati ya familia na tingatinga ni zile karatasi mbili za muda, moja ya Banjul na moja ya Arusha.

Kuna wanaoniambia hayo ni kuingiliwa mambo yetu na majaji wa nje wasiojua Mau ni chemchemi ya mito, Mara ikiwemo. Hoja ya maji naiheshimu. Mimi pia nafungua mfereji Nairobi na mara nyingi haitoki kitu. Lakini amri ya muda haikusema msitu ni wa nani. Ilisema ngojeni. Na serikali iliyo na hakika na kesi yake inapoteza nini ikingoja?

Mfano mchungu kuliko yote ni wa Nigeria. Tarehe 1 Novemba 1995 Tume ya Afrika iliiomba serikali ya Sani Abacha isimnyonge Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mtetezi wa Waogoni, na wenzake kabla malalamiko yao hayajasikilizwa. Tarehe 10 walinyongwa, yeye na wanane. Miaka mitatu baadaye Tume ikaamua kwamba Nigeria ilikuwa imevunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Wala si Afrika peke yake. Juni 2022 amri ya muda ya mahakama ya Ulaya iliyoko Strasbourg ilisaidia kuizuia ndege ya Uingereza isipae na waomba hifadhi kwenda Rwanda. Ndege haikupaa, naam. Lakini kufikia 2024 bunge la London lilikuwa limepitisha sheria iliyomwachia waziri kuamua kama ataitii amri ya namna hiyo. Nasi tulitangulia: Novemba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilipozuia kwa muda wabunge wateule wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki wasiapishwe, kabla mwaka haujaisha marais walikuwa wameshaurekebisha Mkataba wa Jumuiya, na mahakama yenyewe ikabanwa.

Ninachotaka mimi ni kidogo. Amri ya Arusha ikitolewa, isajiliwe kwenye mahakama za Milimani hapa Nairobi siku hiyo hiyo. Tangu 2020 kesi za Nairobi zinawasilishwa kwa mtandao, kwa hiyo habari ya faili kukwama njiani sitaisikiliza. Itajwe ofisi moja, na ndani yake afisa mmoja, atakayeulizwa ikikiukwa. Na ile ripoti ya siku 15 ichapishwe gazetini, mwananchi aisome. Kwa sasa serikali inamwandikia jaji, jaji anaifungia kwenye faili, na aliyebandika karatasi langoni hajui lolote.

Jirani yangu nilikutana naye Gikomba mwaka jana. Nilimweleza habari za Waogiek, akaniuliza swali moja tu: baada ya kushinda, waliachwa? Nikamwambia Novemba 2023, Sasimwani huko Narok, nyumba zao zilibomolewa tena. Akaendelea kuchagua nyanya.